Deni Lisiloisha: Mkulima wa Ireland Kabla ya Njaa

Mambo vipi ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko Strokestown, kaunti ya Roscommon, katikati ya Ireland. Hilo jumba nyuma yangu lilikuwa la akina Mahon, makabaila wa hapa. Lina hadi handaki la kupitishia watumishi wasionekane na wageni! Ila mimi nimekuja kuwaambia habari za waliolipia hayo yote.

Njaa kubwa ya hapa tunaambiwa ililetwa na ugonjwa wa viazi, 1845. Sawa. Lakini kwa nini watu walikula viazi tu, na shambani wamelima ngano na shayiri, nguruwe wamefuga? Hivyo vilikuwa vya kuuza, wapate kodi ya shamba.

Kodi ililipwa Mei na Novemba. Sasa sikilizeni ujanja. Mara nyingi mpangaji akiingia aliachiwa awamu ya kwanza ipite miezi sita bila kulipa. Utasema kabaila ana huruma. Thubutu! Tangu hapo wewe ni mdaiwa, na deni hilo linatembea na wewe mwaka hadi mwaka. Siku ukimuudhi, au ukimuudhi msimamizi wake, maana mwenyewe pengine anakula maisha London, unadaiwa lote kwa mkupuo. Huna? Ng'ombe wako anakamatwa. Bado huna? Unatolewa, na nyumba inabomolewa usirudi.

Na wengi hawakuwa na mkataba wa maana. Uchimbe mitaro, utoe mawe, shamba likinawiri unapandishiwa kodi kwa jasho lako mwenyewe. Afadhali kidogo kaskazini, Ulster, ambako kwa desturi anayeondoka aliweza kumuuzia anayeingia haki yake ya kulishika shamba hilo.

Zamani angalau kabaila alimhitaji mkulima mdogo kwa kura, nayo ilipigwa hadharani, yeye akisikia. Mwaka 1829 sharti la kupiga kura, yaani thamani ya shamba la mpiga kura kwa mwaka, likapandishwa kutoka shilingi 40 (pauni 2) hadi pauni 10. Basi, mtu mdogo akawa mzigo tu.

Serikali ya Uingereza, iliyotawala Ireland wakati huo, iliyajua haya. Mwaka 1843 iliunda tume chini ya bwana mmoja wa Kiingereza, Earl of Devon, wajumbe wenyewe wenye mashamba, ikahoji zaidi ya watu 1,000. Ripoti ilitoka Februari 1845. Muswada wa kuwafidia wapangaji kwa kazi waliyofanya ukapelekwa bungeni mwaka huohuo, mabwana wenye ardhi wakaupinga, ukaachwa. Kufika Septemba, viazi vilishaanza kuoza.

Haya, naingia makumbusho. Maswali yaandikeni hapo chini.