Mtungi wa Maji na Almasi

Asalaam aleykum jamaa, na nyinyi mliokaa kule nyuma sogeeni, feni iko huku mbele.

Nianze na kitu sote twakijua, yule jamaa wa mkokoteni wa maji. Bomba likitoka wampita kichochoroni hata salamu humpi. Maji yakikatika siku tatu wamkimbilia, wamwita babangu, na mtungi wa lita 20 ushapanda bei na wewe walipa. Na maji ni yale yale yakhe, tena pengine ya chumvi! Sasa kilichobadilika ni nini, yani thamani ya kitu yatoka wapi hasa?

Adam Smith, yule mwanauchumi Mskoti, aliligusa hili kwenye kitabu chake cha 1776, akasema maji hakuna kitu chenye faida kuyashinda lakini huwezi kubadilishana nayo ukapata cha maana, na almasi ambayo karibu haina kazi yoyote mtu atatoa mali chungu nzima aipate. Yeye akaegemea zaidi kwa jasho, yani thamani ya kitu yatoka kwa kazi iliyoingia. Karl Marx naye 1867 akaliendeleza, ila hapa watu humsingizia, hakusema fundi mvivu akichonga mlango miezi sita basi mlango wake ndo ghali. Alisema ni muda ambao kazi ile huchukua kwa kawaida kwenye jamii.

Mi hiyo yanipendeza kwa sababu yampa mfanyakazi heshima yake, lakini nikienda sokoni Kongowea msimu wa maembe yanishinda. Mkulima kalima vile vile, kabeba vile vile, jioni auza hata nauli hairudi.

Ndo wakaja wanauchumi wengine, kina Jevons kule Uingereza na Menger kule Vienna, wote 1871 na kila mtu kivyake, wakasema swali lenyewe mwaliuliza vibaya. Hakuna mtu achaguaye kati ya maji yote ya dunia na almasi zote, wachagua mtungi mmoja zaidi. Wa kwanza ni wa kunywa, wa pili wa kupika, wa tatu kuoga, ukifika wa kumi wamwagia vumbi la mlangoni. Bei yafuata ule wa mwisho. Bomba likitoka uko kwa wa kumi, likikatika umerudi kwa wa kwanza. Almasi je, nani hapa ashafika ya kumi? (kicheko)

Lakini mimi hapo nina neno. Mama wa Kisauni ambaye hana hata shilingi, kiu yake haimo kwenye hiyo bei kabisa, ni kama hayupo.

Na yule wa mkokoteni msidhani katajirika, mwenye kisima naye kapandisha. Ricardo, mwanauchumi Mwingereza, aliliandika hili 1817 kuhusu mashamba ya Uingereza, kwamba nafaka haiwi ghali kwa ajili ya kodi alipwayo mwenye shamba, ila kodi ndo hupanda kwa kuwa nafaka ni ghali. Sasa pale penye shamba wekeni kisima.

Haya, maswali. Tuanze na bi mkubwa pale.