Harusi Yenye Michezo Msimu wa Joto

ZAWADI: Karibuni, wasikilizaji. Leo tuko na wale wanaofunga ndoa msimu wa joto na wanataka harusi yenye michezo na vicheko, harusi inayofanana na wao wenyewe. Kaka Idi, waanzie wapi?

IDI: Wengi huanza na rangi za mapambo. Mimi ningewauliza maharusi: mkiwa wawili tu, hamna shughuli, huwa mnafanya nini? Kuna wanaocheza karata mpaka usiku wa manane. Basi hapo harusi yao imeshapatikana.

ZAWADI: Hebu tuendelee na hao wa karata.

IDI: Pakiti ina karata 52, aina 4, kila aina 13. Weka meza ndefu 4: ya kopa, ya shupaza, ya uru, ya pau. Kila mgeni anapokea karata yenye jina lake mlangoni na anajua anakoketi. Ila usizigawe kwa bahati nasibu, dada! Bibi aketi na watu anaowajua.

ZAWADI: Nimeipenda. Na waishie hapo hapo. Ukiongeza chemshabongo, ukaongeza na mashindano ya kuvuta kamba, watu hawajui tena sherehe ni ya nani.

IDI: Michezo yenyewe iwe saa ngapi?

ZAWADI: Maharusi wakienda kupiga picha. Wageni hubaki wamesimama na glasi mkononi, hawana la kufanya. Muda huo ndio wa kuwapa karata. Lakini kivuli kwanza! Watu hudhani joto hufika kileleni saa 6 mchana. Kwa kawaida ni baadaye, saa 9 au 10 alasiri, kwa sababu ardhi huendelea kupata joto hata jua likishaanza kushuka.

IDI: Na kivuli nacho huhama.

ZAWADI: Huhama kabisa! Ukikagua uwanja asubuhi, mti unaouona na kivuli kizuri huenda alasiri ukawa umekitupa upande wa pili. Nendeni kukagua saa ileile ya sherehe. Angalieni jua litakuwa wapi, wageni wasikae wakilitazama usoni wakati wa kiapo. Mkiweza, fungeni ndoa jioni kidogo; mwanga wa saa ya mwisho kabla ya machweo ni mtamu sana kwenye picha.

IDI: Upepo je? Karata zitaruka.

ZAWADI: Tumieni za plastiki, na vijiwe vya kukandamizia. Mavazi yawe ya pamba au kitani; poliesta inashika joto. Keki ya krimu ya siagi ikae ndani mpaka wakati wa kuikata. Na hema la mvua liwe limeshaagizwa, hata kama anga ni jeupe.

IDI: Kwenye kiapo, mzaha unaruhusiwa?

ZAWADI: Sentensi moja ya kuchekesha, ndiyo, mradi kila mtu aielewe. Utani wa watu wawili unawaacha wageni nje. Baada ya hapo semeni ahadi zenu wazi, kwa utulivu. Hapo nasimama imara.

IDI: Na mgeni asiyependa kucheza?

ZAWADI: Aombwe kuhesabu pointi, au akae kivulini na maji baridi ashangilie. Asiburutwe mbele ya kamera.

IDI: Tupumzike kidogo, kisha tusome maswali yenu.