Kupima Eneo la Ngozi Lililoungua: Maelekezo kwa Wauguzi wa Bukavu

Karibuni, wauguzi na wasaidizi wa vituo vya afya. Katika mitaa kama Kadutu, ambako nyumba za mbao zimeegemeana na mbabula, yaani jiko la makaa, huwashwa karibu na watoto, mgonjwa wa moto anaweza kuletwa kwenu saa yoyote. Leo tutapima ni asilimia ngapi ya ngozi yake imeungua, kwa sababu seromu (maji ya mshipa) atakayopewa na uamuzi wa kumhamishia hospitali kuu vinategemea hesabu hiyo.

Anzeni kwa kupoza jeraha kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20. Maji hayo bado yana faida iwapo muda wa saa tatu haujapita tangu ajali. Vueni nguo, pete, bangili na uzi wa kiunoni, kisha safisheni taratibu masizi, mafuta na dawa ya meno, maana kilichofunikwa hakipimiki. Mfunikeni mgonjwa sehemu zisizoungua ili asishikwe na baridi, na mgeuzeni pia, kwa kuwa mgongo husahauliwa mara nyingi.

Sasa tazameni ngozi kwa makini. Ngozi iliyo nyekundu tu, kavu, isiyo na malengelenge, haihesabiwi kabisa, hata kama inauma sana. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo angalieni kama kuna malengelenge, umajimaji au tabaka la juu linalobanduka. Ngozi iliyokauka na kuwa ngumu kama gome, nyeupe au nyeusi, imeungua kwa kina, nayo huhesabiwa hata kama mgonjwa hasikii maumivu pale.

Kwa mtu mzima tumieni kanuni ya tisa, iliyoenezwa na daktari Alexander Wallace wa Uskoti mwaka 1951. Kichwa pamoja na shingo ni asilimia 9, kila mkono mzima 9, mbele ya kiwiliwili 18, nyuma 18, kila mguu 18, na sehemu za siri 1. Ikiwa nusu tu ya sehemu imeungua, andikeni nusu ya idadi yake.

Kwa mtoto kanuni hiyo hudanganya, na hapa nawaomba msiharakishe. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja ni karibu asilimia 18 na kila mguu ni 14 tu. Kwa kila mwaka unaoongezeka punguzeni 1 kwenye kichwa na ongezeni nusu kwenye kila mguu, hadi afikie miaka 10. Kama mna mchoro wa Lund na Browder, uliotolewa Boston mwaka 1944, tumieni huo, kwani unafuata umri kwa usahihi zaidi. Madoa yaliyotawanyika yapimeni kwa kiganja: kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vilivyobanwa, ni takribani asilimia 1. Kiganja chenu si kipimo cha mtoto.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 3, kilo 14, aliyemwagikiwa maji ya bugali saa moja jioni na kufika kituoni saa tatu usiku. Nusu ya juu ya mbele ya kiwiliwili imeungua, yaani 9. Upande wa mbele wa mkono mmoja ni 4.5, na madoa ya paja ni viganja viwili na nusu, 2.5. Jumla ni asilimia 16. Shingo ni nyekundu tu, basi tunaiacha. Mtoto aliyefikisha asilimia 10 anahitaji seromu ya mshipa na kuhamishwa. Mtu mzima, asilimia 15 hadi 20.

Kwa mililita 3 za Ringa (seromu yenye chumvi) kwa kila kilo na kila asilimia, mara kilo 14, mara 16, tunapata mililita 672 kwa saa 24. Nusu yake, 336, inapaswa kuingia katika saa nane za kwanza, zinazohesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika. Kwa hiyo zimebaki saa sita, hadi saa tisa usiku, na kasi ni mililita 56 kwa saa. Mtoto mdogo huongezewa pia seromu ya kawaida yenye sukari, kwa kuwa akiba yake huisha upesi. Hesabu hii ni mwanzo tu: pimeni mkojo kila saa, mkilenga takribani mililita 14 kwa mtoto huyu, na rekebisheni kasi kwa kuufuata.

Kwenye karatasi ya uhamisho chora mwili mbele na nyuma, paka sehemu zilizoungua, kisha andika asilimia, uzito, saa ya ajali na seromu iliyokwisha ingia. Kesho yake pimeni upya, kwa kuwa kina cha jeraha hubadilika katika siku za mwanzo.