Jua la Dodoma, gesi ya Dar na maji ya Bwawa la Nyerere

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nyuma yangu ni Staythorpe, Nottinghamshire, mtambo wa umeme wa gesi wa takribani megawati 1,700. Zamani hapa palichomwa makaa ya mawe. Kituo cha mwisho cha makaa Uingereza, Ratcliffe, kiko mkoa huuhuu. Kilizimwa Septemba 30, 2024.

Gesi inaungua kwenye turbini, moshi unatoka na joto la nyuzi 600 hivi. Hauachwi upotee: unapitishwa kwenye boila, maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha turbini ya pili. Hapo zaidi ya nusu ya nishati ya gesi inageuka umeme. Kinyerezi II ya Dar, megawati 240, ni ya aina hiyo.

Shida ni washa-zima. Upepo ukivuma, mitambo ya upepo inatoa umeme na huu wa gesi unapumzika. Upepo ukitulia jioni, wa gesi unaitwa haraka. Vyuma vinene vya boila vinatanuka na kusinyaa, mwisho viungo vya kuchomelea vinapata nyufa. Boila iliyopoa hupashwa taratibu, saa kadhaa. Ukiiharakisha, utaziba mabomba yanayovuja.

Sasa nyumbani. Dodoma hatuchimbi gesi. Umeme wa gridi tunaupokea pale Zuzu, kwenye kituo cha kupoza umeme. Jua ndilo letu, lakini joto ni adui wa paneli. Kila nyuzi moja juu ya 25, paneli inapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4. Ikifika nyuzi 60, zaidi ya asilimia 10 imekwenda. Kwa hiyo fundi asiibane kwenye bati: aache sentimita 10 hadi 15 hewa ipite. Vumbi la kiangazi lioshe alfajiri, maana maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Na maji yetu ya chumvi, jamani, yasikaukie juu. Yanaacha ukoko mweupe. Futa na kitambaa laini.

Jua likizama, ndipo taa na runinga zinawaka kwa pamoja. Waingereza hapo wanawasha mitambo ya gesi. Sisi tuna Bwawa la Nyerere, mashine tisa za megawati 235 kila moja, na mashine ya maji inaingia kwenye gridi ndani ya dakika chache. Kila yuniti ya sola ya mchana ni maji yaliyobaki bwawani kwa ajili ya jioni. Kinyerezi mimi nisingeifunga: mvua zikigoma mwaka mzima, ndiyo itakayobeba mzigo.

Mwenye swali la sola aandike hapo chini, ataje wati za paneli na ukubwa wa betri, la sivyo nitakuwa nabahatisha.