Namna ya kuandika jibu lako mwenyewe kwa mchoro wa Jackson Pollock

Karibuni tena. Leo tunao mchoro mmoja tu: Autumn Rhythm, aliouchora Mmarekani Jackson Pollock mwaka 1950. Upo Metropolitan Museum of Art, New York. Chukua daftari na kalamu, tuandike jibu, yaani kile unachokiona na kukihisi wewe mwenyewe mbele ya mchoro.

Kwanza, simamisha video hapa, utazame kwa dakika tatu bila kuandika neno. Mchoro wenyewe una upana wa zaidi ya mita 5, na wewe unauona kwenye kioo cha simu, kwa hiyo ukuze, uchague sehemu moja.

Sasa shika mstari mmoja mweusi, uufuate. Andika unavyofanya: unanenepa, unakonda, unakatika, unaacha vitone. Usiandike "unapendeza", hilo halimwambii mtu kitu. Pollock alitandaza turubai sakafuni, akazunguka huku akimwaga na kudondosha rangi kwa kijiti. Kwa hiyo mstari ukinenepa, huenda mkono ulipunguza mwendo; ukiwa mwembamba kama uzi, mkono ulipita mbio. Angalia pia nyeusi ilivyonywewa na kitambaa mahali fulani, na nyeupe ilivyolala juu yake.

Hatua ya tatu ndiyo wengi huiruka. Inua mkono, uuchore mstari huo hewani. Bega linasemaje? Mimi niliandika hivi: "Sioni pa kupumzisha macho, na inanikera." Kukereka nako ni jibu, ndugu yangu, liandike tu. Hata kama unataka kusema "mwanangu angeweza hii", sema, ila uonyeshe ni sehemu gani hasa angeiweza.

Halafu kumbukumbu. Kamilisha sentensi hii: "Inanikumbusha… kwa sababu ya…" Bila hiyo sababu, jibu linaelea. Mimi naona nyavu zilizorundikwa ufukweni, kwa sababu ya mistari ya kahawia inayopita chini ya myeusi na kuibukia kwingine.

Jina la mchoro liache mwisho. Awali ulijulikana kwa namba tu, 30. Jina Autumn Rhythm, yaani mdundo wa majira ya vuli, miti inapopukutisha majani, lilikuja baadaye. Ukianza na jina, utaona majani makavu kila kona, hata yasipokuwepo.

Mwisho, soma ulichoandika kwa sauti. Sentensi yoyote ambayo ingefaa mchoro mwingine wowote, ikate.