Picha Zinatoka Nyekundu? Sawazisha Rangi za Printa Yenye Wino Mbadala

Ndaga fijo kwa kufungua video hii. Mezani ipo Epson L805 ya rangi sita, na matangi yake yamejazwa wino mbadala, yaani wa kampuni nyingine, si wa Epson. Tazameni picha hii ya harusi: shela jeupe limegeuka la waridi, na bibi harusi anaonekana kama kapakwa udongo mwekundu. Nasogeza karibu, mwone hapa shingoni. Printa si mbovu. Draiva yake, yaani programu ya kompyuta inayoiendesha, imepangwa kwa nguvu ya wino wa Epson wenyewe. Majenta, ile rangi ya waridi iliyokoza, kwenye wino huu ni kali zaidi, ndiyo maana matone yaleyale yanatoa rangi nyingine.

Washa, weka karatasi, hayo mnayajua. Ila kwa wenzangu wa Mbeya, asubuhi ya Julai acheni chumba kipate joto kwanza. Printa hii inatakiwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 10, na baridi ya huku hushuka chini ya hapo.

Printi ukaguzi wa nozeli, vile vitundu vinavyotoa wino. Ngoja, nigeuze kamera... hapo kwenye majenta nyepesi mistari imekatika. Hatuendelei hivyo. Safisha hedi, sehemu yenye nozeli hizo, mara moja, kagua tena. Haya, sasa rangi zote sita zimetimia. Ukisawazisha rangi huku nozeli imeziba, siku ikizibuka kazi yote imeharibika. Ikigoma baada ya kusafisha mara tatu, zima uiache mpaka kesho, maana kila usafishaji unamwaga wino kwenye pedi ya taka, sponji ya ndani inayonyonya wino uliotupwa.

Kata A4 moja ya glosi, karatasi ya picha inayong'aa, vipande vinne, kila kimoja milimita 105 kwa 148. Picha ya majaribio iwe na uso, kitambaa cheupe, kijani kama cha shamba la chai Tukuyu, na mstari wa kijivu unaotoka kwenye nyeusi kwenda nyeupe. Mimi naamini kijivu kuliko uso. Watu wana rangi tofauti za ngozi, lakini kijivu kikivuta upande wowote unakiona papo hapo.

Fungua “Printing Preferences”, dirisha la mipangilio ya draiva. Aina ya karatasi weka glosi, ubora weka wa juu. Ukiacha karatasi ya kawaida, kiasi cha wino hakitalingana na glosi na picha itapauka. Kwenye marekebisho ya rangi chagua “Custom”, kisha “Advanced”. Vitelezi vya sayani (bluu-kijani), majenta na njano ndivyo hivi.

Hapa tulieni. Rangi isimamiwe na mmoja tu! Ukitumia vitelezi hivi, ndani ya Photoshop, programu ya kuhariri picha, chagua printa isimamie rangi. Kama una profaili ya ICC, yaani faili la vipimo vya rangi, ya wino wako na karatasi yako, Photoshop ndiyo isimamie, na kwenye draiva uzime marekebisho yote. Vikiwaka vyote viwili, picha inasahihishwa mara mbili na nyuso zinatoka nzito, nyekundu. Mtu atalaumu wino, kumbe ni tiki moja.

Twende. Majenta punguza 4, vingine usiguse. Printi kipande cha kwanza.

Sasa subira: acha nusu saa, wino huu hubadilika kidogo ukikauka. Halafu... mbona kwenye kamera kijivu kinaonekana kijani? Ni taa ya tyubu hii. Njooni mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Mmeona? Kijani hakipo, na wekundu umebaki kidogo tu. Msihukumu rangi chini ya tyubu.

Punguza majenta 2 tena, jumla 6. Kipande cha pili: shela ni jeupe, kijivu kinavuta bluu kwa mbali sana. Ongeza njano 2. Kipande cha tatu ndicho hiki, na shingo imerudi kuwa ya mtu. Kama yako inavuta kijani, basi majenta ongeza badala ya kupunguza. Ikiwa ya manjano, punguza njano. Kitelezi kimoja kwa kila kipande, la sivyo hutajua kipi kimefanya nini.

Hifadhi setingi kwa jina la wino pamoja na karatasi, mfano “wino mpya glosi 200”. Kabla ya kuprinti oda ya mteja, fungua tena uangalie: nani anasimamia rangi? Mmoja tu.

Ukibadili aina ya wino au karatasi, namba hizi hazifai tena. Kata A4 nyingine, anzia kwenye nozeli.