Mji wa Wakata Vichwa: Mhadhara juu ya Douarnenez

Assalamu alaikum, walimu wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma. Nakushukuruni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya safari yangu ya Douarnenez, mji wa wavuvi ulioko Bretagne, magharibi kabisa ya Ufaransa, pale nchi inapochongoka na kuingia Atlantiki. Kufika si kazi. Unapanda treni Paris hadi Quimper, muda wa saa nne hivi, kisha unachukua basi, nalo halimalizi saa moja.

Mimi ni mtoto wa Malindi ya Unguja, hatua chache kutoka diko. Mama yangu alikuwa akinunua dagaa kwa ndoo, akiwachemsha kwa maji ya chumvi, akiwaanika, na kwa dagaa hao tulisoma. Basi nilipofika Rosmeur, bandari kongwe ya Douarnenez, nikaona nyumba zimepakwa rangi ya waridi na samawati na mashua zinayumba taratibu, nilifurahi, lakini moyo ulikuwa unatafuta kitu kingine. Nilikuwa nawatafuta akina mama. Samaki akishatoka majini kazi ndiyo kwanza inaanza, na mashua hazikuambii lolote juu ya kazi hiyo. Leo nitakutembezeni mji huu kwa njia ya nchi kavu.

Tuanze na jina. Kwa Kibretoni, lugha ya wenyeji iliyo mbali sana na Kifaransa, *Douar an Enez* ni "ardhi ya kisiwa". Kisiwa chenyewe ni Tristan, kiko mbele ya mji, na maji yakipwa sana unavuka kwa miguu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili: uliza saa ya maji kabla hujaondoka, ama utabaki huko mpaka yapwe tena.

Upande wa mashariki wa bandari kuna njia ya miguu inayopanda hadi Plomarc'h. Hapo, kwenye mteremko unaotazama ghuba, yamefukuliwa matangi ya mawe yaliyojengwa enzi za Warumi. Samaki na chumvi vilitiwa humo, vikaachwa vikiiva wenyewe hadi vikatoa mchuzi ulioitwa *garum*, kiungo kilichopendwa katika dola yote ya Kirumi. Nilikaa ukingoni mwa tangi moja muda mrefu. Zaidi ya miaka 1,500 kabla ya kopo la bati, mahali hapa palikuwa tayari kiwanda cha samaki.

Samaki mwenyewe ni sardini, wa ukoo mmoja na dagaa papa wetu. Huingia ghuba ile kwa makundi makubwa majira ya joto. Wavuvi walitumia nyavu nyepesi za pamba zilizotiwa rangi ya buluu ili samaki asizione, na chambo chao kilikuwa mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi, yaliyoletwa kwa meli kutoka Norway. Chambo kilikuwa ghali mno. Mvuvi angeweza kurudi na mashua tupu na deni la chambo limemkalia shingoni.

Hapo zamani samaki walipangwa kwenye mapipa, wakakandamizwa mpaka mafuta yakatoka. Halafu kikaja kiwanda. Mfaransa Nicolas Appert alikuwa ameonesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba chakula kikifungwa barabara na kuchemshwa hakiozi, na kuanzia 1853 makopo yalianza kutengenezwa Douarnenez. Baada ya hapo mji haukulala tena.

Nisikilizeni hapa, maana ndipo nilipotaka kufika. Mashua ikifunga gati, samaki haingojei asubuhi. Wanawake waliitwa majumbani saa yoyote, hata usiku wa manane. Walikata vichwa na kutoa matumbo kwa pamoja, kwa kisu kidogo na mkono mmoja uliozoea. Samaki wakaingizwa kwenye maji ya chumvi, wakaoshwa, wakapangwa kwenye vichanja vya waya, wakakaushwa, wakakaangwa kwa mafuta, kisha wakalazwa koponi mmoja mmoja, huyu kichwa huku, yule mkia huku. Wanaume walilehemu vifuniko, mpaka mashine zilipokuja kuwachukulia kazi hiyo. Walikuwapo wasichana wa miaka 12, na wengine chini ya hapo, wamesimama pembeni ya bibi zao. Ili usingizi usiwashinde, waliimba. Mara nyingi zilikuwa nyimbo za kanisani.

Waliitwa *Penn Sardin*, yaani "kichwa cha sardini". Ndilo jina la kile kilemba chao kidogo cheupe kilichobana nywele, na ndilo jina lao wenyewe. Wako walionieleza kwamba zamani lilikuwa neno la kubeza. Leo mjini wanalitaja kwa fahari, na mimi nawaunga mkono.

Mwanzoni mwa karne ya 20 samaki walikata kuja. Kuanzia 1902 miaka ilipita nyavu zikirudi nyepesi, njaa ikaingia majumbani, na michango ikakusanywa sehemu nyingi za Ufaransa. Baadaye samaki walirudi. Ujira haukurudi nao.

Mwaka 1924 mwanamke wa kiwandani alilipwa senti 80 za faranga kwa saa. Sheria ya saa nane za kazi kwa siku ilikuwa imepitishwa tangu 1919, lakini huku haikufuatwa. Mtu aliweza kusimama mezani mchana, usiku, na mchana tena. Mwezi Novemba mgomo ukaanza katika kiwanda cha kutengeneza makopo. Baada ya siku chache viwanda vyote vya mji vilikuwa kimya. Wagomaji walikuwa watu wapatao 2,000, na karibu robo tatu yao wanawake. Waliandamana kwa viatu vyao vya mbao, wakipiga kelele kwa Kibretoni: *Pemp real a vo!* Maana yake, "Itakuwa reali tano!" Reali moja ilikuwa senti 25, kwa hiyo walidai faranga moja na robo. Niliposoma neno hilo nilishtuka, kwa sababu ni ndugu wa riale waliyokuwa wakihesabia wazee wetu hapa Unguja. Asili yake ni ile fedha ya Kihispania iliyozunguka bahari zote.

Meya wa mji, Daniel Le Flanchec, alikuwa mkomunisti, na Douarnenez ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa ya Ufaransa kuongozwa na wakomunisti. Alisimama na wanawake. Wenye viwanda wakaleta watu kutoka Paris wa kuvunja mgomo. Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1925, watu hao walifyatua risasi ndani ya mkahawa, na meya akajeruhiwa shingoni. Nchi nzima ilighadhibika. Siku chache baadaye wenye viwanda walikubali: faranga moja kwa saa, malipo ya ziada kwa kazi ya usiku na saa za kupindukia, na hakuna atakayefukuzwa kwa kugoma. Hawakupata reali tano. Walipata nne, baada ya wiki sita za baridi, na mimi kila nikiiwaza hesabu hiyo naona ni kubwa.

Kuna jina moja nataka vijana mlichukue: Joséphine Pencalet. Alikuwa mjane, mama wa watoto, mfanyakazi wa kiwandani. Mei 1925 alichaguliwa diwani wa Douarnenez, wakati mwanamke wa Ufaransa hana hata ruhusa ya kupiga kura. Alikaa barazani miezi michache tu. Novemba mwaka ule ule Baraza la Dola (*Conseil d'État*), ambalo ndilo mahakama ya juu ya utawala, likafuta ushindi wake kwa sababu ni mwanamke. Haki ya kura ikaja kwa sheria ya 1944, na wanawake wakapiga kura mara ya kwanza mwaka uliofuata. Pencalet alikuwa anakaribia miaka 60.

Wenyeji watakusimulia pia juu ya Ys, jiji lililozama katika ghuba ile. Hadithi inasema mfalme Gradlon alijenga jiji chini ya usawa wa bahari, likilindwa na lango, na binti yake Dahut akaiba ufunguo, bahari ikaingia. Mfalme akaokoka juu ya farasi, binti akaachwa mawimbini. Ni hadithi nzuri, nami nilisimuliwa na bibi mmoja pale Rosmeur, vizuri sana. Nikamwuliza kama anaamini kosa lilikuwa la msichana. Akatazama baharini, akasema mama yake alianza kiwandani ana miaka 11. Hakuongeza neno, nami sikumwuliza tena.

Ukienda, tenga siku mbili. Fuata Njia ya Sardini, ambayo ina mabango yanayokupitisha kwenye vichochoro vya viwanda vya zamani. Nenda Port-Rhu kwenye makumbusho ya bandari, ambako mashua za zamani zinaelea majini na nyingine unaruhusiwa kupanda. Onja *kouign-amann*, mkate wa siagi na sukari uliozaliwa katika mji huo huo kiasi cha mwaka 1860. Kipande kimoja kinatosha, kwani siagi yake si ya mchezo.

Halafu pita dukani kwa makopo. Viwanda vichache bado vinafanya kazi Douarnenez, na mbali na sardini vinafunga jodari. Mji wa jirani, Concarneau, ulikuwa na meli kubwa za jodari zilizovua pwani ya Afrika Magharibi, na kuanzia miaka ya 1980 nyingi zikahamia Bahari ya Hindi, zikaweka makazi yao Victoria, Shelisheli. Kwenye makopo mengi huandikwa namba ya eneo alikovuliwa samaki. Atlantiki ya Kaskazini Mashariki, yaani bahari ya Douarnenez wenyewe, ni 27. Nilichukua kopo la sardini, nikaligeuza: 27. Nikachukua la jodari, nikaligeuza, nikalisogeza karibu na taa ili nisome vizuri. Iliandikwa 51. Hiyo 51, ndugu zangu, ni Bahari ya Hindi ya Magharibi, hii inayopiga nyuma ya ukuta huu tunapozungumza.

Kopo lenyewe nimekuja nalo, liko hapa mezani. Lipitisheni mkono kwa mkono, kisha tuanze maswali.